MIZANI JUU YA SARAFU, SHABA NDANI YAKE



Ndugu zangu katika imani, leo tuingie kidogo katika historia ya Warumi. Somo ni refu, lakini lisome mpaka mwisho, kwa sababu mwisho wake unatuhusu mimi na wewe.

Katika Kiswahili chetu neno "fedha" lina maana mbili. Ni yale madini meupe yanayotengenezewa pete na bangili, na ni pesa yoyote unayoendea dukani. Maana hizi mbili hazikukutana kwa bahati. Kwa karne nyingi pesa ya watu ilikuwa ni madini yenyewe. Ukipewa sarafu, umepewa kipande cha fedha kilichopimwa, na chapa iliyo juu yake inakuambia: kipimo hiki ni sahihi, kipokee bila wasiwasi. Kwa hiyo chapa ni ahadi.

Sasa jiulize: Warumi walimweka nani juu ya sarafu zao awe shahidi wa ahadi hiyo? Na je, ahadi ilitimizwa? Ukizifuata sarafu zao kwa miaka karibu mia tano utaona jambo la ajabu. Miungu ilibaki juu ya sarafu, fedha ikaondoka ndani yake.

1. DENARI YA KWANZA

Karibu mwaka 211 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.), mji wa Roma ulikuwa katika vita vizito na Hannibal wa Carthage. Vita vinataka pesa. Katika hali hiyo Warumi wakaanza kupiga sarafu mpya ya fedha, wakaiita denarius. Jina hilo limetokana na kumi, kwa kuwa sarafu moja ilikuwa sawa na sarafu zao kumi za shaba. Ratili moja ya Kirumi ilitoa denari 72, kila moja ikiwa na uzito wa karibu gramu 4.5. Ilikuwa fedha safi.

Upande wa mbele kulikuwa na kichwa cha mwanamke aliyevaa kofia ya vita. Huyo ni Roma, yaani mji wao wenyewe uliopewa umbo la mungu wa kike. Upande wa nyuma kulikuwa na vijana wawili juu ya farasi wakienda mbio na mikuki. Hao ni pacha Castor na Pollux, ambao Warumi waliamini kwamba huwasaidia vitani.

Simama hapa kidogo, ndugu yangu. Neno hilo denarius ndilo lililosafiri kupitia Wagiriki na watu wa Sham mpaka likafika kwa Waarabu likawa dinari, na limetajwa ndani ya Qur'ani katika Surat Aal Imran. Na dirhamu iliyotajwa katika Surat Yusuf, pale Nabii Yusuf (a.s.) alipouzwa kwa thamani duni, asili yake ni drakma ya Wagiriki. Tofauti ni kwamba denari ya Warumi ilikuwa ya fedha na dinari tunayoijua sisi ni ya dhahabu. Sababu ni kuwa Warumi walikuwa pia na sarafu waliyoiita denari ya dhahabu, na jina likaishia hapo.

2. NYUNDO NA SURA YA MUNGU

Sarafu hizo zilipigwa wapi? Kiwanda kilikuwa juu ya kilima cha Capitol, karibu na hekalu la mungu wao wa kike aliyeitwa Juno Moneta. Jina hilo Moneta ndilo lililozaa maneno yanayotumiwa kwa pesa na kwa kiwanda cha sarafu katika lugha nyingi za Ulaya mpaka leo.

Mwaka 46 kabla ya Nabii Isa (a.s.), msimamizi mmoja wa kiwanda, Titus Carisius, alipiga denari yenye uso wa Moneta upande mmoja. Upande wa pili akaweka vifaa vya kazi: nyundo, koleo na fuawe. Sarafu hiyo ipo kwenye makumbusho, na picha zake zinapatikana kwa wepesi.

Itazame vizuri. Upande mmoja mungu, upande mwingine nyundo iliyomtengeneza. Mfanyakazi, pengine mtumwa, alikiweka kipande cha fedha kati ya chapa mbili, akapiga nyundo, na "mungu" akatokea. Akapiga tena, akatokea mwingine. Nabii Ibrahim (a.s.) aliwahoji watu wake juu ya jambo hilihili, kuabudu kitu ambacho mikono yao wenyewe imekichonga. Warumi walichonga hoja hiyo kwenye fedha, wakaigawa sokoni, na hawakuisoma.

3. BINADAMU APANDA JUU YA SARAFU

Mwanzoni mtu aliye hai hakuwekwa kwenye sarafu za Roma. Nafasi ile ilikuwa ya miungu, na baadaye ya mababu waliokwisha kufa. Mlango ulifunguliwa kwa njia ya nasaba. Vijana wa koo kubwa waliopewa usimamizi wa kiwanda walianza kuweka visa vya koo zao.

Kisha akaja Julius Caesar. Mwaka 47 au 46 kabla ya Nabii Isa (a.s.) alipiga denari yenye kichwa cha Venus, mungu wao wa mapenzi. Nyuma yake kuna mtu aitwaye Aeneas amembeba baba yake mzee akikimbia kutoka mji wa Troy. Kwa nini picha hiyo? Kwa sababu ukoo wa Caesar ulidai kwamba Aeneas alikuwa mtoto wa Venus, na kwamba wao ni kizazi cha Aeneas. Basi kila askari aliyelipwa kwa denari ile alibeba kiunoni mwake dai kwamba damu ya Caesar ni damu ya miungu.

Mapema mwaka 44 uso wa Caesar mwenyewe ukawekwa kwenye denari za Roma, naye yu hai. Mrumi aliye hai hakuwahi kupewa nafasi hiyo katika sarafu za mji ule. Wiki chache baadaye, tarehe 15 Machi, wakamuua kwa majambia. Na Brutus, mmoja wa wakubwa wa waliomuua kwa hoja kwamba amejikweza kama mfalme, alipokusanya jeshi lake alipiga denari yenye kofia ya uhuru katikati ya majambia mawili. Upande wa mbele akaweka uso wa nani? Wa kwake Brutus.

Haikuishia hapo. Mwaka 42 baraza la wakubwa wa Roma, Seneti, liliamua rasmi kwamba marehemu Caesar ni mungu. Mtoto wake wa kulea, ambaye baadaye aliitwa Augustus, akajiandika kwenye sarafu kuwa "mwana wa aliyefanywa mungu". Akapiga pia denari yenye picha ya nyota yenye mkia, iliyoonekana angani baada ya Caesar kufa, ikiwa ni dalili, kwa madai yao, kwamba amepaa mbinguni. Kuanzia hapo ikawa desturi: Kaizari akifa, na kama Seneti imemridhia, hupitishwa kuwa mungu. Mwanahistoria wao Suetonius anasimulia kwamba Kaizari Vespasian, alipohisi kifo kinakaribia, alifanya mzaha kwamba sasa anahisi anageuka mungu. Alikufa mwaka 79 Miladia. Mwanawe Titus akapiga denari zinazomtaja kuwa mungu kweli.

Angalia mpangilio wake, ndugu yangu. Kwanza mji uliabudiwa. Kisha mtu akadai kuwa ni kizazi cha mungu. Kisha akakaa palipokuwa nafasi ya mungu. Kisha watu wakakaa kikao, wakaamua kwamba aliyezikwa ni mungu. Shirki huja hatua kwa hatua, na kila hatua huonekana ndogo kwa aliyekwisha kuivuka ile ya kabla yake.

4. TABIA NJEMA ZIKAFANYWA MIUNGU

Ukiyaondoa mabwana wakubwa kama Jupiter na Apollo, sarafu za makaizari zimejaa wanawake wengine wenye majina ya tabia njema. Warumi walizipa sifa umbo la mwanamke, wakazichongea sanamu na nyingine wakazijengea mahekalu. Pax ni amani. Fides ni uaminifu. Concordia ni maelewano. Salus ni afya na salama. Na yupo Aequitas, uadilifu, ambaye ndiye nataka umkumbuke. Aequitas husimama ameshika mizani mkono mmoja, na mkono mwingine amekumbatia pembe iliyojaa matunda. Ujumbe wake ni kwamba Kaizari anapima kwa haki, na kwa sababu hiyo neema imejaa.

Je, picha hizo zilikuwa kweli? Chukua mfano wa Concordia. Kaizari Septimius Severus alimwoza mwanawe Caracalla binti aitwaye Plautilla. Zikapigwa denari za kusherehekea ndoa: bwana na bibi wameshikana mikono, na jina la Concordia limeandikwa pembeni. Caracalla alimchukia mke huyo. Mwaka 205 baba yake binti aliuawa, Plautilla akapelekwa uhamishoni kisiwani, na Caracalla aliposhika utawala akamuua. Mdogo wake mwenyewe, Geta, alimuua mwaka 211. Denari za maelewano bado zilikuwa zinapita mikononi mwa watu sokoni.

5. FEDHA INAONDOKA

Sasa tuje kwenye mizani ya Aequitas.

Zama za Augustus ratili moja ilitoa denari 84, na ilikuwa karibu fedha tupu. Mwaka 64 Miladia, Kaizari Nero akatoa denari 96 kwa ratili ileile, na juu ya hapo akaongeza shaba ndani yake. Waliokuja baada yake wakaendelea, huyu akipunguza, yule akirudisha kidogo. Septimius Severus, aliyetawala kuanzia mwaka 193 mpaka 211, alihitaji pesa nyingi za kuwalipa askari waliomweka madarakani. Katika denari zake fedha ilikuwa karibu nusu tu, nusu nyingine ni shaba. Na ni yeye huyohuyo aliyepiga denari zenye Aequitas ameshika mizani!

Mwaka 215 Caracalla akaleta sarafu mpya, uso wake ukiwa na taji la miale ya jua. Wanahistoria wengi wanaona kwamba ilihesabiwa kuwa ni denari mbili, lakini fedha iliyokuwamo ilifika kama denari moja na nusu. Waliomfuata wakaipunguza zaidi na zaidi. Chini ya Claudius II, kati ya mwaka 268 na 270, fedha haikufika hata asilimia 5. Ilikuwa shaba iliyopakwa weupe juu, na weupe wenyewe ukitoka kwa kushikwashikwa. Naye Claudius II ana sarafu nyingi zenye maandishi AEQVITAS AVG, yaani uadilifu wa Kaizari, na mwanamke na mizani yake wapo palepale.

Nani aliumia? Si Kaizari, maana yeye ndiye wa kwanza kuitumia sarafu mbovu kabla bei hazijapanda. Aliumia mjane aliyeweka akiba, mkulima aliyeuza mavuno, kibarua aliyelipwa jioni. Mwenye denari nzuri za zamani alizificha ardhini, na ndiyo maana wachimbaji mpaka leo hukuta vyungu vilivyojaa.

Katika mji wa Oxyrhynchus nchini Misri imepatikana amri ya serikali ya mwaka 260, imeandikwa kwenye karatasi ya mafunjo. Wenye meza za kubadilisha pesa walikuwa wamefunga biashara zao kwa kukataa kupokea sarafu za utawala. Amri ikawataka wafungue na wazipokee, isipokuwa zile za bandia. Fikiria: watu ambao kazi yao ni pesa wanaikimbia pesa yenye sura ya mtawala wao, mpaka washurutishwe kwa amri!

6. GALLIENUS NA MIUNGU YAKE

Katika zama hizohizo alikuwepo Kaizari Gallienus. Mwaka 260 baba yake, Valerian, alitekwa na Shapur, mfalme wa Waajemi. Dola ikaanza kumeguka pande zote. Mwishoni mwa utawala wake, Gallienus alipiga sarafu za kuomba himaya kwa miungu, kila mungu na mnyama wake: Diana na paa, Apollo na kiumbe nusu mtu nusu farasi, Liber na chui, Jupiter na mbuzi, Neptune na farasi wa baharini, na wengine. Kila moja inamtaja mungu huyo kuwa ni mlinzi wa Kaizari.

Walinzi wote hao! Mwaka 268, akiwa ameuzingira mji wa Milan, Gallienus aliuawa kwa njama ya maofisa wake mwenyewe. Na sarafu zile za kuomba ulinzi ni miongoni mwa sarafu duni kabisa katika historia ya Roma, nyembamba, zimechakaa, fedha yake ni ya kutafuta. Hata kile alichowapa miungu yake hakikuwa halisi.

7. WAISLAMU NA SARAFU

Alipotumwa Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), watu wa Makka na Madina walitumia dinari za dhahabu za Warumi wa Mashariki na dirhamu za fedha za Waajemi. Za Warumi zilikuwa na sura ya mfalme na msalaba, za Waajemi zilikuwa na madhabahu ya moto. Mtume (s.a.w.) hakupiga sarafu mpya. Zilitumika zilezile, na nisabu ya zaka ikajulikana kwazo: dinari 20 za dhahabu, dirhamu 200 za fedha. Kilichoangaliwa ni uzito na usafi wake.

Mabadiliko makubwa yakaja zama za Khalifa Abdul-Malik bin Marwan. Mwaka 77 Hijria alipiga dinari isiyo na sura ya kiumbe yeyote, na mwaka 79 ikafuata dirhamu. Palipokuwa na uso wa mfalme pakawekwa shahada ya kumpwekesha Allah na maneno ya Suratul Ikhlas. Uzito nao ukawekewa kanuni: dirhamu kumi zilingane na uzito wa dinari saba. Zingatia kwamba mambo mawili yalikwenda pamoja, tauhidi juu ya sarafu na kipimo kinachojulikana ndani yake.

Mfano huo ulifika mpaka kwetu. Kule Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, mwaka 1984 wachimbaji wa mambo ya kale walifukua zaidi ya sarafu 2,000 ndogo sana za fedha, zina majina ya watawala Waislamu na maneno ya kumtegemea Mola. Hazina sura ya mtu.

8. TUSIJISIFU HARAKA

Hapa ndugu zangu wengi wangependa nimalize: wao walikuwa na masanamu, sisi tuna shahada, basi tumeshinda. La. Historia haituruhusu.

Mwanazuoni al-Maqrizi aliishi Misri na aliwahi kuwa muhtasibu wa Cairo, yaani msimamizi wa masoko na vipimo. Karibu mwaka 1405 Miladia, baada ya njaa kali, aliandika kitabu cha kueleza kwa nini watu wameangamia. Hakulaumu upungufu wa maji ya mto Nile peke yake. Alilaumu vyeo kununuliwa kwa rushwa, kodi za ardhi kupandishwa, na sarafu za fedha kupotea zikajaa fulusi za shaba, bei zikaruka na masikini wakala hasara. Hao walikuwa watawala Waislamu, na jina la Allah lilikuwa limeandikwa kwenye sarafu zao.

Basi jina tukufu juu ya kitu halizuii wizi ndani ya kitu, kama mikono inayokitengeneza haimwogopi Mwenye jina hilo. Tofauti yetu na Warumi ni kwamba sisi tumeonywa waziwazi. Nabii Shuayb (a.s.) aliwalingania watu wa Madyan mambo mawili kwa pamoja: wamwabudu Allah peke yake, na wasipunguze vipimo na mizani. Wakamkejeli, wakaona sala zake hazihusiani na mali zao. Na ipo sura nzima ya Qur'ani, Al-Mutaffifin, inayofunguliwa kwa kitisho kwa wanaopunja. Hatuna udhuru.

9. TUONDOKE NA NINI?

Kwanza, tauhidi ni ya moyoni na mkononi. Asiyeabudu sanamu lakini anachezea mizani ameukubali wito wa Shuayb (a.s.) nusu, na nusu ameikejeli pamoja na watu wa Madyan.

Pili, chunga kibao chako. Duka limeandikwa Tawakkal, gari limeandikwa Bismillahi, biashara ina jina la sahaba. Vizuri. Sasa kilo yako ni kilo? Gunia unalomnunulia mkulima ni gunia, au ni lumbesa? Maziwa unayouza ni maziwa? Kama ndani ni shaba, kibao hicho si baraka. Ni ushahidi dhidi yako.

Tatu, usidanganyike na upungufu wa kidogokidogo. Fedha ya Roma haikuondoka siku moja. Kila Kaizari alichukua kidogo, akaona mbona soko linaendelea. Ndivyo amana inavyotoka moyoni mwa mtu, leo shilingi mia, kesho elfu, mpaka siku moja hakuna kitu chini ya rangi.

Leo denari zile zimelala kwenye vioo vya makumbusho. Roma, Venus, Aequitas, Jupiter, wote wapo, nyuso zao zinaonekana vizuri. Hakuna anayewaomba. Lakini mtaalamu akiipima sarafu anajua mara moja, baada ya miaka 1,700, ni nani alipunja na alipunja kiasi gani. Ikiwa mizani ya binadamu inafichua hivyo, itakuwaje mizani ya Siku ya Kiyama?

Allah atujaalie tuwe watu ambao ndani yetu na nje yetu ni kitu kimoja, atubariki katika rizki zetu za halali, na atuepushe na kula haki za watu. Aamin.

Ukinufaika na somo hili, mpelekee na ndugu yako mfanyabiashara.

Wallahu a'lam.